Sabkulingi nyuzi 2 tu kwenye R410A: niongeze gesi?

Salaam mafundi. AC ya dakti (inayosambaza hewa kwa mifereji) ya ofisi huku Nyali, Mombasa, gesi yake R410A, yenye TXV (valvu inayojirekebisha kupitisha gesi ndani). Geji ya laini ya likwidi inasoma psi 380, bomba lenyewe nyuzi 43. Saksheni (bomba la gesi inayorudi kwenye kompresa) psi 102, bomba lake nyuzi 14. Kibandiko cha mashine kinataka sabkulingi (nyuzi ambazo likwidi imepoa chini ya joto la gesi kugeuka likwidi) ya nyuzi 6. Niongeze?

Jibu 1
Kwenye jedwali la R410A, psi 380 ni nyuzi 45 za gesi kugeuka likwidi. Toa 43, zabaki 2. Saksheni psi 102 ni nyuzi 0 za likwidi kuchemka, basi supahiti (nyuzi ambazo gesi imepanda juu ya hapo) ni 14. Sabkulingi iko chini na supahiti iko juu: gesi imepungua. Lakini gesi haiishi yenyewe kwa kutumika, imetoka mahali. Tafuta mvujo kwa naitrojeni na povu la sabuni, ziba, vuta vakyumu (toa hewa na unyevu kwa pampu), jaza kwa mizani, kisha malizia kwa sabkulingi.

Jibu 2
Kabla ya yote osha kondensa (koili ya nje). Chumvi ya bahari ikishajaa kwenye fini (vibati vyake vyembamba), presha inapanda na kipimo chako hakina maana. Kibanio cha themomita kikae kwenye shaba iliyosuguliwa, ukifunike, maana jua hudanganya. Mashine ikimbie dakika 15 ndipo usome. Wakati wa kujaza toa likwidi, si mvuke, kwa kuwa R410A ni mchanganyiko. Ipitishe saksheni kidogo kidogo, ungoje dakika 10 kabla ya kuongeza tena.

Muulizaji
Shukran. Na split ya ukutani, hesabu ni hiyo hiyo?

Jibu 1
La. Split nyingi hupunguza presha ndani ya yuniti ya nje, kwa hiyo bomba jembamba latoka likiwa baridi tayari. Ndiyo sababu mabomba yote mawili huvikwa sponji. Hapo huna pa kupimia sabkulingi: kusanya gesi yote, vuta vakyumu, jaza gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Jibu 3
Sabkulingi ikiwa juu na supahiti pia iko juu, usipunguze gesi. Pima joto la bomba kabla na baada ya draya (kichujio cha unyevu kwenye laini ya likwidi). Joto likishuka hapo, draya imeziba. Presha ikiwa juu pamoja na sabkulingi, ama gesi imezidi ama kuna hewa ndani. Zima kompresa, feni ya nje iendelee mpaka bomba lilingane na joto la nje. Kukiwa nyuzi 30, R410A isimame karibu psi 259. Ikizidi sana, hiyo ni hewa: toa yote, uanze upya.