Kusalimia kwa Kiswahili getini kumenigharimu elfu 10, na bwawa lenyewe chafu!!

Wakuu hasira nilizonazo acha tu. Mimi mtu wa Tanga, Kampala nina mwaka wa pili, kuogelea kwetu ni baharini Raskazone, na huku Ziwa Victoria siingii kwa kuogopa kichocho, basi jana Jumapili nikampakia mwanangu wa miaka 7 kwenye boda hadi bwawa la hoteli moja pande za Kabalagala. Ukutani kumeandikwa mtu mzima elfu 15. Nikasalimia kwa Kiswahili, ndo nikajiponza hapo. Dada wa kaunta akaniangalia juu chini, "Ssebo, wageni ni elfu 25." Nikamwambia dada mimi Mtanzania, mbuga za wanyama zenyewe huku zina bei yetu ya Afrika Mashariki, nyie na vigae vyenu vilivyobanduka mnanifanya mzungu? Tena si baraza lenu la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, Julai 2022? Akacheka. Mtoto keshavaa miwani ya kuogelea, nikalipa, ningefanyaje.

Sasa ndani huko. Maji ya kijani, kidato cha tatu cha ngazi hukioni! Nimesafisha bwawa la hoteli kwetu miaka minne, bwawa ambalo huoni sakafu hata upande wa kina kirefu huruhusu mtu aingie, mtoto akizama nani atamwona? Naulizia pampu, imezimwa eti Yaka, umeme wao wa kulipia kabla, inakaribia kuisha. Kijana mmoja ananiambia "lakini si unasikia harufu ya dawa, ni safi." Jamani ile harufu ya kuchoma macho ni klorini imeshakutana na mikojo na jasho la watu, maji yaliyotunzwa hayanuki vile. Na mwokoaji sasa... filimbi shingoni, trei mkononi, anapeleka chipsi meza za nyuma na watoto kama 20 wako majini amewapa mgongo.

Tukaishia kuchovya miguu, mtoto analia. Nadai hela yangu, naambiwa ikishaingia haitoki. Nafika home natoa risiti mfukoni, imeandikwa elfu 15!! Ile 10 iko kwa nani?

Wabongo na Wakenya mlioko Kampala mnaogelea wapi, na nyie mnapigwa hivi? Kesho narudi na risiti namtaka meneja, na safari hii naongea Kiswahili tangu getini.