Mjadala: Watu wa ofisi za umeme safi, mshahara wao nani alipe?

Mtaalamu wa Mita: Uingereza kuna kampuni ya serikali, LCCC, inayosimamia mikataba ya bei na wazalishaji wa umeme safi. Bei ya soko ikishuka chini ya ile ya mkataba, mzalishaji huongezewa; ikipanda, anarudisha. Mishahara na gharama za ofisi hutozwa wauzaji wa umeme kwa kila megawati-saa, mwishowe zinamfikia mteja. Huku kwetu Kenya sera ya minada ya umeme safi ilitoka 2021. Msimamizi wa mikataba hiyo alipwe na Hazina au na bili? Mimi nasema bili, maana pesa za Hazina hukatwa katikati ya mwaka. Na wale wa tokeni za soo moja (shilingi mia) wasituletee kelele, yuniti yenyewe hawaijui.

Binti Kayole: Yuniti siijui? SMS ya tokeni naisoma mstari kwa mstari: tozo za mafuta, forex, EPRA (ya wasimamizi wa kawi), WRA (ya maji), REP, VAT. Wewe wa bili ya mwisho wa mwezi umewahi kusoma yako, ama unalipiwa na kazi?

Fundi wa Githurai: 😂😂 Mwache, ana jenereta.

Msemakweli: Turudi kwa hoja. REP ni asilimia 5 tayari, ya kupeleka stima mashambani. Ukiongeza ya ofisi, kesho itakuwa ya chai ya ofisi. Mmesahau Turkana? Mitambo ya upepo 310 ilisimama bure, laini hakuna, na tukalipa umeme usiotufikia.

Mtaalamu wa Mita: 310 ni megawati, ndugu. Mitambo ni 365. Na laini ya kuleta umeme huo Suswa iliisha kujengwa 2018.

Msemakweli: Sawa mwalimu. Tulilipa ama hatukulipa?

Binti Kayole: Hajibu hiyo. Hata ile ya soo moja hajaomba msamaha.

Mama Wawili: Nyinyi mnapigania Uingereza, na mimi huku landilodi ameweka mita yake ndogo. Nikitaka tokeni namtumia yeye, ananitumia namba akitoka kanisani. Jumapili nzima uji wa mtoto tunapikia jiko la makaa.

Fundi wa Githurai: Hizo mita ndogo nazifunga mimi. Bei anaiweka mwenyewe kwa simu, mama. Muulize yuniti anakuuzia ngapi.

Mama Wawili: Shilingi 34.

Binti Kayole: Woi! Huyo ndiye msimamizi wa kulipwa na bili sasa.

Mtaalamu wa Mita: Fundi, nikuulize kando kidogo. Mimi nauziwa 38. Imezidi?