Tableti yakataa waifai ya chuo, simu yaingia: naombeni ushauri

MamaLikoni
Assalaam aleikum. Binti yangu ameanza chuo hapa Mombasa na masomo yao mengi huwekwa mtandaoni. Nimedunduliza miezi minne nikamnunulia tableti iliyotumika, Android 12, haina pahali pa laini. Muuzaji alisema ilikaa kabatini muda mrefu, betri imekauka. Waifai ya chuo kila mwanafunzi huingia kwa jina lake na paswadi yake. Simu yake yaingia mara moja. Tableti yazunguka, yaandika "tatizo la uthibitishaji", kisha "imehifadhiwa", basi. Paswadi tumeikagua herufi kwa herufi. Kila jioni mtoto avuka feri kurudi nyumbani hajasoma kitu, nami roho yaniuma. Jirani asema niifute yote. Nifanyeje?

KijanaTudor
Shikamoo mama. Abonyeze jina la mtandao, achague "sahau", aizime tableti, aiwashe, aandike upya. Pale kwenye cheti aweke "usithibitishe". Simu yangu ya zamani nilifanya hivyo ikakubali.

Fundi_Bondeni
Mama, usiifute. Na wewe ndugu yangu wa Tudor, hilo la "usithibitishe" tuliache kabisa. Kwenye mtandao wa aina hii, seva ya chuo (kompyuta inayokagua majina na paswadi) hujitambulisha kwa cheti kabla ya kupokea paswadi. Usipokikagua cheti, mtu aweza kukaa mkahawani na ruta yenye jina lile lile la chuo, na tableti ikajaribu kuingia kwake na siri za binti bila yeye kujua. Ndiyo sababu Android 11 ilianza kuliondoa chaguo hilo mwishoni mwa 2020.

Mama, nijibu mawili. Kwa hotspoti ya simu, tableti yaingia? Na tarehe yake yasomaje?

MamaLikoni
Kwa hotspoti yaingia, ila tovuti nyingi zatoa onyo kwamba saa iko nyuma. Nilidhani ni uzee wa tableti. Tarehe naona 1 Januari 2022.

Fundi_Bondeni
Basi tumeupata ugonjwa. Cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Tableti inayodhani tuko 2022 yaona cheti cha chuo hakijaanza kutumika, hivyo yakataa kuendelea. Paswadi haina kosa. Simu ya binti hupata saa kutoka mnara wa laini. Tableti isiyo na laini hutegemea intaneti, na ya chuo haiipati mpaka saa iwe sawa. Na kwa kuwa hata kwa hotspoti haikujirekebisha, bila shaka mwenyewe wa kwanza alizima saa ya kiotomatiki.

Iwashe hotspoti, ingia Mipangilio, Tarehe na saa, washa saa ya kiotomatiki. Kisha chuoni asahau mtandao na kuanza upya. Vyuo vingi hutumia PEAP na MSCHAPV2, ndizo njia za kuingia kwa jina na paswadi. Kwenye cheti achague "tumia vyeti vya mfumo", yaani vile vilivyokuja na tableti. Itamtaka kikoa, yaani jina la mtandaoni la seva ya chuo. Hapo asibahatishe, awaulize wanaosimamia mtandao wa chuo, na kama chuo kina cheti chake cha kupakua watampa.

BintiKisauni
Na jina aliandike kamili, pamoja na @ na yanayofuata, ikiwa chuo kinataka hivyo. Mimi lilinihangaisha wiki mbili.

MamaLikoni
Narudi na habari. Saa imekaa sawa na zile onyo za tovuti zimekwisha. Jana chuoni bado ilikataa, kitufe cha kuhifadhi hakibonyezeki kwa sababu kikoa hakijajazwa. Leo wamempa kikoa kwenye karatasi, akakiandika, ikaingia papo hapo. Amenitumia picha ya somo la kwanza lililofunguka. Mwenyezi Mungu awalipe, wanangu.

Fundi_Bondeni
Alhamdulillahi. Mwambie asiiache betri ikauke kabisa. Ikikauka, saa yaweza kurudi nyuma tena, na dawa ni ile ile: hotspoti kwanza, halafu chuo.