Tupeane uzoefu: ulijuaje kuwa ni sonona, na nini kilikutoa?

Bint Wete
Assalamu alaykum. Huku kwetu mtu akianza kujitenga, kila mmoja ana jawabu lake: kafanyiwa, kapandwa na shetani, mvivu, imani imepungua. Mwenyewe ndiye asiyeulizwa. Basi leo tuulizane kuhusu sonona, maradhi ya huzuni nzito na kukosa hamu.

Naanza mie. Yangu ilikuja baada ya uzazi wa tatu. Arubaini imekwisha, wageni wameondoka, mama karudi kwake. Mtoto analia ubavuni pangu, nami namsikia kama analia nyumba ya jirani. Uji wa pilipili manga naletewa wa moto, unapoa mpaka unafanya utando, sijaugusa. Kulala silali hata mtoto akilala, na hilo ndilo lililonitisha, maana mwenye kichanga hulala popote alipo. Mkwe wangu ndiye aliyegundua. Aliniambia, "Mwanangu, mbona kanga umeivaa jina juu chini?" Nikatazama, kweli. Nikaanza kulia na sijui nalilia nini.

Tulianza kwa sheikh, nikasomewa, nikanywa kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Qur'ani. Namshukuru mzee yule kwa sababu alimwambia mkwe wangu waziwazi: huyu mpelekeni na hospitali. Kliniki ya mtoto nilikuwa nakwenda, lakini anapimwa uzito yeye, mie naambiwa ninyonyeshe vizuri basi. Safari hii daktari aliniuliza maswali tisa, moja moja, pamoja na lile la kama nimewahi kuona bora nisingekuwepo. Nikasema ndiyo. Hakushtuka, akaandika, akaendelea. Nilimwambia nanyonyesha, akachagua dawa kwa kuzingatia hilo. Mwanzo nilipata kichefuchefu tu, nikataka kuzitupa. Usingizi ndio uliorudi kwanza, hamu ya mtoto ikafuata polepole.

Mvuvi Nungwi
Mie haikuja kwa machozi, ilikuja kwa hasira. Nagombana na watoto, nagombana na mabaharia wenzangu, hata muuza urojo hakusalimika. Saa tisa usiku macho makavu. Bahari imetulia, wenzangu wanashuka diko, pwani kwenye vyombo vya uvuvi, mie nipo barazani. Mgongo unauma, kichwa kizito. Nimepimwa malaria, nimepewa dawa za vidonda vya tumbo, nimekandwa kwa mafuta ya karafuu. Kila kipimo kinatoka kizuri. Rafiki yangu wa maskani ndiye aliyesema, "Wewe hata dhumna huchezi tena." Neno lile liliniingia kuliko vipimo vyote.

Vidonge sikupewa. Nilikuwa nakwenda kuzungumza na mshauri, mwanamke mdogo kwangu kiumri, mwanzo nikaona haya. Hakunipa mawaidha. Alisema nisikae kungojea hamu ndipo nifanye kitu. Nifanye kidogo, hamu itanikuta njiani. Kazi ya kwanza: asubuhi niende diko, hata kama ni kushona nyavu kidogo na kurudi. Niliona upuuzi. Ikafaa.

Abuu
Ndugu zangu, mwenye kushika sala tano na adhkari maradhi haya hayampati. Turudini kwa Mola.

Bi Mkubwa Micheweni
Mwanangu Abuu, sala sijaiacha tangu utoto. Kijana wangu alikuwemo kwenye meli ya Spice Islander ilipozama, usiku ule wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Nabii Yaakub alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, imo ndani ya Qur'ani. Nani atasema imani yake ilikuwa pungufu?

Miaka ya mwanzo ulikuwa msiba, na msiba una kupanda na kushuka: leo unalia, kesho unacheka na wajukuu. Baadaye ikawa kitu chengine. Hata kulia silii. Karafuu zimeiva, watu wote wako mashambani, mie hata kuchambua zile zilizoletwa uani siwezi, mikono imekaa tu juu ya jamvi. Chakula hakina ladha. Najiona mzigo kwa watoto. Nimepewa vidonge vya usiku, vinakausha mdomo mno. Navimeza, naswali witri, nalala. Sijaona ugomvi kati ya vitu hivyo.

Abuu
Shikamoo bibi. Hiyo ya Yaakub imenikaa. Lakini kombe bado nalitetea.

Nesi Mjini
Litetee, ila lisicheleweshe hospitali. Tunachotazama sisi ni huzuni, au kukosa hamu ya vitu ulivyokuwa ukivipenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na pamoja nayo usingizi, chakula, uchovu, kujilaumu, akili kutotulia. Omba upimwe na damu: upungufu wa damu, au tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango, huleta uchovu unaofanana kabisa. Wengi wanalikimbia jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, wanaona ukionekana getini tu umeshaitwa mwendawazimu. Basi anzia kituo cha afya cha karibu, lakini useme yote, usitaje mgongo peke yake.

Vidonge hivi havikufanyi mlevi, wala havifanyi kazi siku hiyohiyo kama dawa ya kichwa. Vipe wiki 2 hadi 4 kwanza, na nafuu ikija unaendelea navyo miezi kadhaa.

Na mtu akikwambia anataka kufa, usimgombeze. Muulize waziwazi, usimwache peke yake, vidonge vyote avishike mwengine, na hospitali mwende siku hiyohiyo.

Baba wa Chake
Mke wangu kaanza vidonge mwezi uliopita, sasa analala na anacheka. Jana kasema anaviacha kwa kuwa kapona, tena jirani kamwambia vinafunga kizazi. Nimjibu nini?

Nesi Mjini
Kizazi havifungi. Akitaka mimba aseme mapema, daktari ataangalia kama dawa inahitaji kubadilishwa. Asikate ghafla, atapata kizunguzungu na maradhi yanaweza kurudi. Mwende pamoja kwa aliyemwandikia, na wewe uingie ndani, usibaki nje juu ya pikipiki.

Bint Wete
Na huyo jirani mwambieni: mie dozi nilimaliza, na wa nne nimeshamzaa.