Kariakoo ni jina la nani? Naulizia wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza

Mama Vitenge, Mtaa wa Kongo

Habari zenu ndugu zangu. Nina duka la vitenge na khanga hapa Kariakoo, huu mwaka wa 19. Juzi mwanangu wa kidato cha pili kapita dukani na daftari lake la historia, akaniuliza: "Mama, Kariakoo maana yake nini?" Nikamjibu nilivyosikia tangu utotoni, kwamba ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, walioweka kambi huku baada ya kumtoa Mjerumani mjini mwaka 1916. Midomo ya watu ikaligeuza jina likawa hili. Akaniuliza tena: "Sasa hao wapagazi walikwenda wapi?"

Nilinyamaza. Si kwamba sina la kusema.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzaramo wa Maneromango. Baba yake na baba yake mdogo walichukuliwa siku moja, wote wawili, wakafungwa kamba moja na wenzao mpaka barabarani. Aliyerudi ni baba mdogo. Bibi alikuwa mtoto wa kushikwa mkono, lakini jambo moja hakulisahau mpaka anaingia kaburini: ngata. Baba mdogo alirudi na ngata yake ya majani ya mgomba, imeshindiliwa na mzigo na jasho mpaka ikawa ngumu kama ubao. Akaitundika juu ya mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Utosini mwake nywele hazikuota tena. Na mke wa yule asiyerudi alikataa kukaa eda. Aliwaambia wazee, nionyesheni kaburi kwanza. Alikaa hivyohivyo, si mke si mjane, mpaka naye akafa.

Kila asubuhi vijana wanapita mbele ya duka langu na mabelo kichwani, na kila asubuhi naikumbuka ile ngata ambayo mimi sikuwahi kuiona.

Maswali yangu ni haya. Wapagazi waliokufa walizikwa wapi? Majina yao yaliandikwa popote? Na kwa nini pale Posta, kwenye mzunguko wa Samora, amesimamishwa askari na bunduki yake, na mpagazi hakusimamishwa?

Mwalimu Mstaafu, Ilala

Dada yangu, pole kwa msiba huo mkongwe. Nimefundisha historia miaka mingi, na swali la mwanao wanafunzi huwa hawaulizi. Wanakariri kwamba mkutano wa Berlin ulikuwa 1884 na 1885, basi wanafunga daftari.

Anza na mbung'o. Ng'ombe, farasi na nyumbu waliletwa kwa maelfu wakafa kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na huyo mbung'o. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, lakini vita haikupiganwa kwenye reli. Ilipiganwa porini, Rufiji, Lindi, Songea. Chakula, risasi, hata vipande vya mizinga vilibebwa na watu. Mzigo ulikuwa kilo 25 hivi, na anayebeba chakula cha askari naye anakula njiani, kwa hiyo kila safari ikiwa ndefu zaidi inataka wapagazi wengine wa kuwabebea wapagazi. Ndiyo maana idadi yao ilipanda mpaka mamia ya maelfu. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, hakuwa na nia ya kushinda. Alitaka kuwashughulisha Waingereza huku ili wasipeleke nguvu Ulaya, akawazungusha mpaka Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Naye alikuwa na wapagazi wake wa kulazimishwa.

Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000, wakati askari wao waliokufa ni kama 11,000. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, mvua, na unga wa mahindi usiosagwa vizuri. Mvua za Rufiji mwanzoni mwa 1917 zilimaliza watu vibaya sana. Kama babu yako alichukuliwa Uzaramo, upo uwezekano mkubwa alipitia huko.

Makaburi: baada ya vita wakubwa wa serikali ya kikoloni waliamua makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Askari wa Kizungu alichongewa jiwe lenye jina lake. Mpagazi akawekewa mnara wa jumla, bila majina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti, ikakiri ubaguzi huo na kuomba radhi. Ripoti yenyewe inasema watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mgogo wa Tabata

Mwalimu shikamoo. Mama Vitenge, pole.

Naongeza la kwetu. Ukienda Ugogo ukasema "Mtunya", wazee wanajua. Ni njaa iliyoanza vita ikiwa bado inaendelea, ikaburuza mpaka kama 1920. Majeshi mawili yalipita, la kwanza likachukua ng'ombe na mtama, la pili likachukua kilichobaki pamoja na vijana wa kulima. Mvua nayo ikakataa. Wapagazi waliobahatika kurudi walikuta kaya tupu. Nyanya yangu alikuwa akikuta mtoto amemwaga ugali chini anasema neno moja tu, "Mtunya," na mtoto anaokota.

Kwa hiyo mimi nikisikia hesabu ya waliokufa kwa kubeba mizigo, naona haijakamilika. Waliokufa kwa sababu mbebaji hakuwepo shambani wahesabiwe wapi?

Kijana wa Posta

Mimi napita pale kwenye sanamu kila siku asubuhi. Ushauri wangu iondolewe. Ni Mwafrika aliyevalishwa sare ya mkoloni kumpigania mkoloni, tunamtunza wa nini? Makunganya aliyenyongwa Kilwa mwaka 1895 kwa kuwapinga Wajerumani amepewa mtaa tu, tena hapohapo jirani. Wajerumani nao walikuwa wameweka mjini hapa sanamu ya gavana wao Wissmann, chini yake askari Mwafrika akimwangalia kama mtoto anavyomwangalia baba. Waingereza wakaing'oa, wakaisafirisha, ikaishia Hamburg, na wanafunzi wa hukohuko wakaiangusha miaka ya 1960. Kama wao wameweza, sisi tunashindwa nini?

Mwalimu Mstaafu, Ilala

Mwanangu, hasira yako naielewa, lakini pale simama usome. Usipite tu. Sanamu ile ni ya 1927. Imeandikwa Kiingereza na Kiswahili, na yamo maandishi ya Kiarabu. Wapagazi wametajwa: wameitwa miguu na mikono ya jeshi. Halafu kuna ahadi, kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nairobi mnara wao una watu watatu, na mmoja ni mpagazi. Hapa kwetu aliyesimama juu ni askari peke yake. Nairobi pia wana Kariokor, jina lilelile, nalo limetokana na kambi ya wapagazi.

Mama Vitenge, Mtaa wa Kongo

Mwalimu shikamoo, na ahsante sana. Mgogo wangu, lile swali lako limenikaa moyoni.

Kijana wa Posta, mimi sitaki iondolewe. Jumapili nilimchukua mwanangu tukashuka Posta, tukasimama pale mpaka walinzi wakaanza kutuangalia. Singe imeelekea bandarini. Mtoto akasoma kwa sauti, akafika pale pa miguu na mikono, akarudia mara mbili. Kisha akasoma ile ya wanao watalikumbuka jina lako, akazunguka jiwe lote akitafuta majina. Hakuna hata moja. Kilichonichoma ni hicho. Aliyeandika ahadi ile alijua wanaoahidiwa ni watu wenye majina, na karani wa kambi aliwahesabu asubuhi na jioni ili wapewe posho. Hawakushindwa kuyaandika. Ikiondolewa, mwanao atauliza wapi kwamba majina hayapo?

Ninaloomba ni hili. Wengi humu mna wazee waliotoka Kisarawe, Rufiji, Kilwa, Dodoma, Songea. Muulizeni mzee aliyebaki nyumbani, leo, kwa simu: nani kwetu aliondoka na mzigo? Muandike hapa kijiji, wangapi waliondoka, wangapi walirudi, na jina kama ukoo umekubali litajwe. Mimi wa kwetu wananiambia nisubiri mjomba mkubwa arudi safari, ndiye mwenye idhini ya jina. Yaliyobaki naandika sasa: Maneromango, watu wawili, akarudi mmoja.