Mikesha inajaa, lakini utii umepungua. Tuanzie wapi kurudi?

Mwanamaombi:
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nina jambo linaloninyima usingizi. Ninaongoza kikundi cha maombi. Mwaka jana tulikuwa na semina ya Neno na Mungu akatutembelea kweli. Sisemi kwa sababu watu walilia, maana kulia watu hulia hata msibani. Ndugu wawili waliokuwa hawasalimiani tangu wagombanie urithi wa baba yao walitoka nje ibada ikiendelea, wakarudi wameshikana mikono. Binti mmoja alimrudishia mwajiri wake pesa alizokuwa akizidokoa kwenye mauzo, na alikwenda akijua anaweza kupoteza kazi. Mhazini wetu naye alisimama akasoma mahesabu yote, hata yale yaliyotuaibisha.

Leo mkesha unajaa kuliko wakati ule na waimbaji wameongezeka. Lakini mahesabu hayasomwi tena, na anayeuliza anaambiwa ana roho ya ukosoaji. Wale ndugu wawili wamerudi kukaa kila mmoja upande wake. Nikiwaambia viongozi wenzangu kwamba tumepoa, wananionyesha viti.

Je, ni mimi ninayeona vibaya? Na kama tumepoa, tuanzie wapi kurudi?

Mlinzi wa Zamu:
Amina, mtumishi. Huoni vibaya. Fungua Nehemia, usome sura ya 8 hadi ya 10, kisha uruke moja kwa moja mpaka ya 13. Usome kwa mkao mmoja.

Sura ya 8 watu wamesimama wakimsikiliza Ezra akisoma torati tangu asubuhi mpaka adhuhuri, wanalia hadi Walawi, wahudumu wa hekalu, wanawatuliza. Sura ya 9 wanaungama dhambi zao na za baba zao. Sura ya 10 wanaweka agano kwa maandishi na wakuu wao wanatia muhuri. Naomba ulitazame agano lenyewe, maana halielei hewani: hatutaoana na watu wa nchi, hatutanunua bidhaa siku ya sabato, tutaleta zaka na malimbuko katika vyumba vya nyumba ya Mungu. Wanamalizia kwa kusema hawataiacha nyumba ya Mungu wao.

Kisha Nehemia, liwali aliyeongoza ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu, anarudi kwa mfalme wa Uajemi, mwaka wa 32 wa Artashasta. Akija tena Yerusalemu anakuta Walawi na waimbaji wamekimbilia kila mtu shambani kwake kwa sababu hawapewi sehemu zao. Siku ya sabato watu wanakanyaga zabibu na kupakia punda mizigo, na watu wa Tiro wanauza samaki ndani ya mji. Wengine wameoa wanawake wa Ashdodi, Amoni na Moabu, hata watoto wao hawajui kusema lugha ya Wayahudi. Na kile chumba kikubwa cha hekalu, palipokuwa pakiwekwa ubani, vyombo na zaka za nafaka, divai na mafuta, kuhani Eliashibu amemtengenezea Tobia. Ni Tobia yule yule aliyeudhihaki ukuta ulipokuwa unajengwa, akasema hata mbweha akipanda ataubomoa!

Sasa weka sura ya 10 na ya 13 ubavu kwa ubavu. Yale waliyoyatia muhuri ndiyo waliyoyavunja, moja baada ya jingine. Sura ya 13 haisemi walisimamisha sanamu, wala haisemi mtu alitangaza kwamba amemwacha Bwana. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu mtu anaweza kufika huko huku akiendelea kuitikia amina.

Kwa hiyo pa kuanzia mnapajua. Rudini kwenye yale Mungu aliyowaambia kwa majina wakati wa ile semina: mahesabu, na wale ndugu wawili. Msikimbilie kuandaa semina nyingine. Nehemia alivitupa nje vyombo vya Tobia, akaagiza vyumba visafishwe, akarudisha vyombo vya hekalu na ubani mahali pake. Zaka zilipoletwa tena akaweka watunza hazina, na sababu ya kuwachagua imeandikwa: walihesabiwa kuwa waaminifu. Kisha akaamuru malango yafungwe giza linapoingia kabla ya sabato. Ni kazi za mikono hizo, hazina shangwe, na bado kati ya moja na nyingine anaomba, "Unikumbuke, Ee Mungu wangu."

Mama wa Ushirika:
Ninakubaliana na kaka hapo juu, ila niongeze neno moja nikiwa mzazi. Mwanamaombi, usimweke kila aliyenyamaza kwenye kundi la waliopoa. Wapo wanaouguza, wapo wenye vichanga, wapo waliochoka tu. Nabii Eliya alilala chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akaomba afe, na malaika hakumkaripia. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale mara ya pili.

Mimi huwatofautisha hivi. Aliyechoka ukimgusa lile jambo anasikitika, kwa sababu bado analitaka. Aliyepoa anakasirika.

Mwanamaombi:
Asante sana, mama. Hilo la hasira ndilo linalonitisha, maana ndilo ninalokutana nalo. Nikisimama mkeshani kudai mahesabu nitaonekana ninatafuta cheo. Ndugu zangu, mngefanyaje?

Mzee wa Nuruni:
Usisimame mkeshani, mwanangu.

Mimi nililelewa na wazee wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Wale wazee walikuwa na neno moja la kutembea nuruni, 1 Yohana 1:7. Mtu alisema dhambi yake yeye, kwa jina lake, na kama aliiba alirudisha. Mambo yalipoa pale mtu alipoanza kushuhudia habari za wokovu wa zamani tu, asiwe na la kusema la wiki hii.

Na hasira isikushangaze. Mfalme Yoashi wa Yuda ndiye aliyeitengeneza nyumba ya Bwana, akaweka kasha langoni watu watie fedha. Kuhani Yehoyada aliyemlea alipokufa, wakuu wa Yuda wakaja kumsujudia, naye akawasikiliza, wakaiacha nyumba ya Bwana. Zekaria mwana wa Yehoyada alipowaonya, wakampiga mawe uani mwa nyumba ile ile, kwa amri ya mfalme yule yule. Soma 2 Nyakati 24. Kwa hiyo anayekuonyesha viti hajakujibu swali lako, ila wewe usimjibu kwa ukali.

Fuata Mathayo 18:15. Nenda kwa mhazini, wewe na yeye peke yenu. Wale ndugu wawili mwombe mama mmoja mwenye busara akusaidie, mambo ya urithi yanahitaji mtu asiye na haraka.

Kwa mhazini usiende na orodha ya makosa yake. Kama kuna fedha yoyote ya kikundi inayopitia mikononi mwako, nauli ya wageni au michango ya wagonjwa, chukua daftari hilo. Umfungulie, umsomee lako kwanza mpaka mwisho, naye akuulize lolote. Kisha umwombe akusomee lake.