Mjadala: Cabo Delgado ilihitaji nchi moja au kamanda mmoja?

Wadau, tangu SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, iondoe kikosi chake cha SAMIM kilichopigana na waasi wenye itikadi kali mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Julai 2024, kuna hoja naisikia kila kona: Rwanda ilifanya kwa wiki chache kile kilichozishinda nchi nane kwa miaka mitatu, kwa hiyo tuachane na majeshi ya pamoja, kazi apewe mmoja anayeiweza. Mimi ni mtu wa Mtwara na vita hii iko mlangoni kwangu. Hoja hiyo siikubali.

Wanyarwanda wapewe haki yao. Walifika Julai 2021, askari na polisi wapatao 1,000, na Agosti 8 wakiwa na jeshi la Msumbiji wakaukomboa mji wa Mocímboa da Praia, uliokuwa mikononi mwa waasi karibu mwaka mzima. Mama yangu mdogo ana genge la nyanya Palma, mji wa huko huko Cabo Delgado. Aliporudi kwake baada ya lile shambulio la waasi la Machi 2021, kilichomshangaza ni askari wa Rwanda kusimama mbele ya mafungu yake ya nyanya, akamwamkia "shikamoo mama", kisha akauliza kwa Kiswahili kama kuna sura ngeni mtaani. Askari wa nchi yake mwenyewe walizoea kumhoji kwa Kireno, na Kireno hakijui. Kwenye vita ya namna hii, habari anayoitoa mama wa genge ina uzito kuliko kifaru.

Sasa tazameni ramani. Rwanda ilishika Palma na Mocímboa, jirani na mradi wa gesi wa Afungi. SAMIM wakabaki na Macomia, Nangade na Mueda, kwenye mapori na barabara za kukatisha tamaa. Waasi walipobanwa kule kwa Rwanda walihamia huku kwa SAMIM. Na nani alikuwa na mamlaka juu ya pande zote? Hakuna. Kikosi cha Rwanda kilikuja kwa makubaliano ya Kigali na Maputo, SAMIM kiliwajibika kwa SADC, jeshi la Msumbiji lilikuwa na amri yake. Amri tatu, vita moja. Mpaka kati ya eneo la huyu na la yule ukawa ndio njia ya adui.

Halafu tulinganishe vinavyolingana. Wataalamu wa SADC walipendekeza askari 2,916. Waliopelekwa mwanzoni hawakufikia idadi hiyo. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliipa SAMIM euro milioni 15, fungu la nchi kadhaa, na Rwanda peke yake milioni 20. Ukimnyima mtu jembe, usimcheke shamba lake likiota magugu.

Mei 10, 2024, SAMIM ikiwa inafungasha, waasi waliingia mjini Macomia. Hapo ndipo ninapoona kosa: aliyekuwa akiondoka alikuwa na ratiba yake, na hapakuwa na kamanda mmoja mwenye sauti ya kusema pengo hili lizibwe kwanza.

Kwa hiyo swali langu kwa mnaotetea nchi moja: mkataba wa nchi mbili unaweza kuvunjwa na mmojawapo siku yoyote. Kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto Ruvuma, kilishambuliwa na waasi hao Oktoba 2020. Siku Kigali ikisema basi, nani atakuwa na amri ng'ambo ya mto?